Harufu Aliyoinyamazia Pua

Pale gereji kwetu ukitaja jina lake la kuzaliwa hakuna atakayekuelewa. Uliza Pua. Mimi nilikuwa nauza spea kibanda cha pili kutoka kwake, miaka kumi na saba tumetenganishwa na ukuta wa mabati, kwa hiyo nikisema habari zake sisimulii uvumi wa mitaani.

Kazi yake ilikuwa moja, magari yanayonuka. Mafundi wengine huanza kwa kufungua boneti. Yeye aliliacha gari lilale limefungwa vioo vyote, asubuhi anakuja kabla hajanywa chai, anafungua mlango upana wa kiganja, anaingiza uso, anavuta pumzi. Moja tu. Alikuwa akisema pumzi ya kwanza ndiyo husema kweli, ya pili pua imeshazoea na inaanza kukudanganya. Harufu tamutamu, maji ya rejeta yanavuja mahali. Harufu ya soksi mbichi, kiyoyozi kimeota ukungu. Akisema panya kafia kwenye feni, ukifungua feni unamkuta, mkia na kila kitu. Sijawahi kumwona akikosea, na mimi si mtu wa kusifia watu ovyo.

Lakini pua ile ilimponza. Havuti sigara, hali vitunguu, haogi kwa sabuni ya manukato, hayo ni yake na mwili wake. Taabu ni kwamba aliwalazimisha na wa nyumbani. Mkewe hakukaanga kitunguu katika nyumba ile miaka kumi na mmoja. Akirudi matembezini anaambiwa palepale mlangoni, "Umepita kwa dada yako, na mmekula samaki." Mwanamke gani ataishi na askari wa forodha chumbani? Siku moja akafunga mizigo, akamchukua binti yao, akaenda zake. Wahenga walisema ya kale hayanuki. Hawakumjua Pua.

Binti akakulia kwa mama. Mama alipofariki, Pua alikwenda mazikoni, na huko akafanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka mkono unaniwasha. Binti alimjia analia, akamwangukia kifuani. Na baba mtu, mbele ya mama wadogo wote wa yule msichana, akamwambia, "Umeanza kuvuta sigara." Msichana akajitoa mikononi mwake. "Baba," akamwambia, "hiyo pua yako itakuzika peke yako." Hawakusemezana tena kwa miaka minne.

Haya alinisimulia mwenyewe, na alipomaliza akaniuliza, "Lakini Mama Plagi, si kweli alikuwa anavuta?" Ndivyo walivyoniita pale, Mama Plagi. Nikamwambia kweli ikisemwa mahali pabaya ni ukorofi tu. Akarudi chumbani kwake nyuma ya gereji. Kitanda kimoja, jiko moja, sufuria moja, kiti kimoja. Nilishawahi kumpelekea kiti cha pili, akanirudishia, eti kitakaliwa na nani.

Basi Jumatatu moja likaingia gari dogo la bluu, na aliyeshuka ni yule binti. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini lile paji la uso ni la Pua, hata kipofu angelipapasa angelijua. Alibaki ameshika mlango.

"Fundi," alisema, "gari langu linanuka. Gereji tatu zimeshindwa."

Fundi. Nilimwona Pua anavyolipokea lile neno. Alijifuta mikono kwa tambara, akajifuta tena, na mikono ilikuwa safi.

"Tangu lini?"

"Mwezi sasa."

"Likipigwa jua, harufu inazidi?"

"Inazidi."

"Niachie mpaka Ijumaa."

Muda wote huo alisimama mbali naye hatua tatu, na nilijua ni makusudi, hakutaka hata upepo umletee kitu. Alimwomba namba ya simu. Binti akasema hakuna haja, atapita mwenyewe.

Jumanne alfajiri Pua alifungua mlango wa lile gari kama kawaida yake. Siku zote akishavuta ile pumzi hutoa kichwa na kulitangaza jibu, gereji nzima isikie. Siku hiyo kichwa hakikutoka. Alivuta pumzi ya pili, ya tatu, mimi nafungua kufuli za kibanda namtazama, mpaka nikaacha kuhesabu. Halafu akafunga mlango taratibu, akaingia chumbani kwake, na hakuonekana mpaka saa sita.

"Kuna nini mle?" nilimuuliza.

"Bado natafuta," alisema.

Jumatano aling'oa kiti cha nyuma na kuinua zulia. Chini ya zulia pana sponji, akakata kipande chake kilichogeuka njano, akakitupa mwenyewe mbali, hakutaka mtu akiguse. Akasugua bati kwa siki na maji baridi, akaweka sponji mpya, akaacha milango wazi gari lipigwe jua siku mbili. Na siku zote mbili alikaa kwenye ndoo kando yake, kama mtu anayemuuguza mgonjwa. Nikamwona pia anafanya kazi ambazo hakuombwa. Alikaza mkanda wa kiti cha nyuma uliokuwa umelegea. Akarekebisha kitasa cha mlango wa nyuma kisiweze kufunguliwa kwa ndani. Nikamtania kwamba uzee unamfanya atoe sadaka. Alicheka kidogo.

Ijumaa binti alikuja. Akaketi ndani, akafunga mlango, akakaa humo kitambo. Alipotoka alimtazama baba yake usoni kwa mara ya kwanza.

"Imekwisha. Ilikuwa nini?"

"Maji," alisema Pua. "Yaliingia chini ya zulia."

"Maji tu?"

"Maji tu."

"Una hakika, Fundi?"

"Nina hakika."

Akangoja tena. Pua akainama kuokota spana. Binti akashukuru, akawasha gari, akaja kusimama mbele ya kibanda changu, kioo kimeshushwa, anataka taa ya breki.

"Shikamoo, mama. Samahani, nikuulize. Bado ananusa yule?"

"Kama zamani, mwanangu."

"Basi hataki," alisema, na machozi yakamshuka.

Ndipo akanieleza. Ana mtoto wa miezi sita. Mwezi uliopita, wakitoka kliniki, chupa ya maziwa ilipinduka kiti cha nyuma. Alijua kinachonuka tangu siku ya kwanza. Zile gereji tatu hazikuwapo, alizitunga. Baada ya maneno aliyomwambia baba yake makaburini, kinywa kilikuwa kizito kuanza. Akaona njia nyepesi ni kumpelekea gari. Baba atanusa, ataropoka kama alivyozoea, yeye atakasirika kidogo kwa ajili ya heshima, halafu atakwenda nyumbani kumleta mtoto.

"Mdomo wa baba yangu haujawahi kunyamaza," alisema. "Leo umenyamaza. Nimeelewa." Kisha akaniambia mumewe amehamishwa kikazi, kesho wanaondoka, safari ya siku mbili. Nilimwambia angoje, nimwite baba yake. Akatikisa kichwa, akapandisha kioo. Nilikuwa bado nimeshika boksi la taa alipoingia barabara kuu.

Nilimfuata Pua. Alikuwa anaanika matambara.

"Ulinusa nini kwenye lile gari?"

Alianika la mwisho kwanza. "Maziwa," alisema. "Maziwa ya kopo. Na mafuta ya mtoto kwenye kiti. Mtoto wa miezi mitano, sita hivi. Na sigara kaacha, Mama Plagi, hamna hata chembe."

"Sasa kwa nini ukanyamaza, mwanamume wewe?"

"Kila nilichonusa maisha yangu nilikisema, na unaona nilivyobaki. Nikasema safari hii nimwachie aseme mwenyewe. Nilidhani nikinyamaza, atarudi."

Ningeweza kumficha. Lakini mimi moyo wangu hauna mlango, nikamwambia yote, kwamba alikuja ili anuswe, kwamba kesho wanahama na mji sikuambiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakaa juu ya tairi.

Halafu akainua uso. "Wa kike au wa kiume?"

Nilikuwa nimesimama na yule binti muda wote ule, nimemshika na mkono, nimemfuta na machozi, na sikumuuliza.