Mchanga Kwenye Dagaa wa Dada

Siku ile ningali naikumbuka, mwanangu, hata nikitaka kuisahau. Nilikuwa mwanafunzi wa maabara, nimerudi Mwamgongo likizo, na mkobani nina lenzi ya mkononi. Ee, nilivyojiona! Dada yangu Stefania, aliyenilea tangu mama atutoke, alikuwa ameanika dagaa mchangani kama wafanyavyo wengi kwetu. Wachuuzi wameshuka botini kutoka Kigoma, wanachagua.

Nikachomoa lenzi, nikaishika juu ya dagaa mmoja. "Njooni muone! Huu ni mchanga au kokoto?"

Wakachungulia mmoja mmoja. Kila aliyeinua kichwa alikuwa amekunja uso. Wakaenda kununua kwa jirani, naye alikuwa ameanika kwenye mchanga uleule!

Dada hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeninong'oneza, mdogo wangu." Akaanza kukusanya dagaa wake. Mwezi haujaisha akahamia Simbo kwa shangazi, akawa mkulima. Hakuniaga.

Mwalimu wetu wa maabara alitufundisha kwamba lenzi haiongezi kitu. Inapinda mwanga tu, chembe ileile ikaonekana kubwa. Na kwenye hadubini, kadiri unavyokuza ndivyo unavyoona eneo dogo zaidi. Niliyaandika hayo daftarini, nikafaulu mtihani, wala sikuyaelewa. Nilikuza punje ya mchanga, nikampoteza dada mzima.

Kilichonizuia kuomba radhi ni hiki: mchanga ulikuwepo kweli. Sikusema uongo, nikajiambia, radhi ya nini? Baadaye moyo ulipolainika nikawa nasema nitakwenda, nitakwenda, Simbo si mbali. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilikwenda siku ya kumzika.

Sasa naishi peke yangu hapa Rusimbi. Hakuna aliyebaki wa kuniita mdogo wake. Upweke unauma, mwanangu, nisikudanganye. Majuto ni mjukuu, na ndiye mjukuu pekee niliye naye humu ndani.

Basi shika hili. Ukiona kasoro ya mtu wako, mvute pembeni umwambie taratibu. Usiikuze mbele za watu. Na kama umeshamwaibisha, nenda kamwombe radhi leo, hata kama ulisema kweli. Mungu akupe jicho la kuona na moyo wa kusitiri. Uzeeke, mwanangu, na ndugu zako wawe wanakuja kwako bila kualikwa.