Sindano za Nabwire

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kisha unisikilize. Mimi si mlevi, kichwa changu ni kizima, na kanisani kwetu mimi ndiye ninayeaminiwa funguo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, saa saba, jua la Tororo limesimama utosini. Watu hudhani mambo ya namna hii yanangoja giza. Nani kawadanganya?

Tuanze na uso wangu, kwa sababu kesi yote ni ya uso. Nilipokuwa na miaka sita niliugua tetekuwanga vibaya sana, ikaniachia mashimo mashavuni. Shavu la kushoto, chini ya jicho, yalikaa mashimo matatu makubwa, yamepangana kama mafiga ya kupikia. Mama ndiye aliyeyaita hivyo, mafiga. Watoto wa shule nao walikuwa na majina yao, hayo sitayataja.

Nabwire ni mdogo wangu, tumefuatana. Yeye tetekuwanga haikumgusa, maana alikuwa kwa shangazi yetu, kule Lumino. Alirudi mimi nimeshapona na nimeshaharibika, na tangu siku hiyo nilimwonea wivu. Nasema wazi, sioni haya tena. Wageni walikuwa wakija nyumbani wanamshika shavu Nabwire, mimi wananiambia nilete maji. Mwanamume wa kwanza aliyekuja kuniona alimaliza chai akauliza kama yule mwingine naye ameposwa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Basi Nabwire akaolewa Tororo. Alipozaa mtoto wa pili, uso ukamtoka chunusi, zikaacha madoa meusi na vishimo. Usinihukumu: nilifurahi. Mwaka mzima nilifurahi. Nilikuwa nampelekea samaki kutoka Busia kusudi tu nimtazame. Halafu nikakaa miezi mitano bila kwenda; siku niliporudi akanifungulia mlango, na uso wake ulikuwa safi kuliko hata zamani.

"Dada, ni sindano," akaniambia, anacheka. Akanieleza. Pale Tororo kuna saluni, dada mmoja anaitwa Akello anakupaka dawa ya ganzi, kisha anakupitishia usoni kalamu ya mashine yenye visindano vidogo vidogo mbeleni. Ngozi inatobolewa kidogo sana, na inapojitengeneza upya inajaza yale mashimo. Yeye alikwenda mara nne, kila mwezi mara moja. "Akello ni mfupi, mnene, mcheshi, hafungi mdomo. Twende, atakusaidia."

Nikasema nitafikiria. Moyoni nilikuwa nawaka. Yaani hata uzuri wa dukani lazima aupate kabla yangu?

Sasa nikuambie habari ya mama, ndipo utaelewa nilipoteza nini. Mama anakaa Buhehe, kwenye shamba letu. Presha ya macho ilimla macho yote mawili, ana miaka kumi sasa haoni hata mwanga. Na mimi na Nabwire tuna sauti moja. Hata kwenye simu mume wa Nabwire hutuchanganya. Kwa hiyo mama ana desturi yake: ukifika, kabla ya kitu chochote, unapiga magoti mbele yake anakushika uso. Akimshika Nabwire anasema papo hapo, "Eh, huyu Nabwire, laini!" na anacheka. Akinishika mimi anakaa kimya. Vidole vinakwenda shavu la kushoto, vinasimama kwenye yale mafiga, vinazunguka pole pole, kimoja, cha pili, cha tatu. Halafu ndipo ananisalimia, "Mulembe, mwanangu." Kile kimya kilikuwa kinaniua. Nilijua ananihurumia, na huruma ya mama inachoma. Nilitaka siku moja tu na mimi aniambie laini.

Ndiyo nikaenda Tororo bila kumwambia Nabwire. Saluni niliipata kirahisi, ile ya mlango wa kijani, mwamba wa Tororo unauona juu ya paa. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na mwanamke mmoja peke yake, amevaa koti jeupe, glavu na barakoa. Alikuwa mrefu, mwembamba, na hakunisalimia. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza, mbona Akello ni mfupi? Mimi wivu ukaniambia: Nabwire kakudanganya, hakutaka umpate fundi wake. Nikaamini wivu.

"Nakuja kwa uso," nikasema.

"Naona," akasema. "Lala hapa."

Akanipaka ganzi, uso ukalala. Akachukua kifuko kidogo kilichofungwa, akanionyesha. "Hii kichwa ya sindano ni mpya. Ni yako."

Na hapa ndipo nilipofanya ujinga wangu, na niamini, ni ujinga ambao wanawake wa kwetu wengi wangeufanya. Sisi tunajua kitu kilichofanya kazi vizuri kina mkono wa bahati. Kikaango cha mwenzako kikitoa chapati nzuri, unaomba kile kile kikaango. Nikajiinua kwa kiwiko nikasema, "Sitaki mpya. Nataka ile iliyomtengeneza Nabwire."

Alinitazama muda mrefu. "Yake ni yake, nyabo."

"Nipe hiyo hiyo."

"Nakutengenezea ya kwako, inakuwa nzuri. Pole pole, miezi, lakini inakuwa nzuri. Ama unataka ya dada yako?"

Sikuwa nimemwambia Nabwire ni dada yangu. Haki ya Mungu, sikuwa nimemwambia. Lakini unajua nilijibu nini? "Nataka ya dada yangu."

"Sema tena."

"Nataka ya dada yangu!"

Akafungua droo, akatoa kichupa. Kilikuwa na kipande cha plasta, kimeandikwa Nabwire kwa wino wa bluu. Ndani kilikuwepo kichwa cha sindano, chekundu kwenye ncha, kama kimetoka usoni kwa mtu dakika hiyo. Akakipachika kwenye kalamu, mashine ikaanza kunguruma. Sikusikia maumivu hata kidogo. Nilisikia tu kuvutwa, kama mtu anayekuvua soksi iliyolowa, kuanzia kidevuni kwenda juu.

Alipomaliza alisogea pembeni kunywa maji. Akashusha barakoa. Kulikuwa na kioo ukutani, nikamwona ndani ya kioo. Shavu lake la kushoto, chini ya jicho, lilikuwa na mashimo matatu, yamepangana kama mafiga.

Nilijiambia ni ganzi, imepanda machoni. Nikashuka kitandani, nikajifunga leso kichwani, nikatoka. Hakunifuata, na hakuniomba hata shilingi. Hilo nalo sikulishangaa, ndivyo nilivyokuwa nimelewa na haraka yangu.

Siku tatu uso ulikuwa mwekundu. Siku ya nne nikaamka, nikajishika. Laini! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja. Nikaenda sokoni Busia, ninakouza viatu vya mitumba, nimevaa gauni la Pasaka. Mwenzangu wa meza ya pili akaniona akapanua mikono. "Eh, Nabwire! Leo umekuja kumuuzia dada yako?"

Nitakuambia ukweli: nilisikia raha. Sikumsahihisha. Nilikaa kwenye meza yangu mwenyewe siku nzima nikiitwa Nabwire, natabasamu kama bibi harusi.

Jioni nikashika simu. Simu yangu inafunguka kwa kuniona uso. Ikakataa. Nikaifuta kioo, ikakataa. Nikasema ni kwa sababu nimependeza mno. Kesho yake nikawa navuka kwenda upande wa Kenya na gunia langu la viatu, kijana wa mpakani akachukua kitambulisho, akanitazama, akakitazama tena.

"Mathe, wacha mchezo. Hii kitambulisho ni ya nani?"

"Yangu."

"Hii si wewe. Huyu wa kwa picha ana alama hapa."

Akamwita mwenzake, naye akasema vile vile. Nikarudishwa na gunia langu, watu wa foleni wananiangalia kama mwizi. Nikamtafuta Nabwire, akaja na mume wake siku hiyo hiyo. Aliposhuka garini akanikuta nimesimama mlangoni. Alitoa simu yake mfukoni taratibu, akaielekeza usoni kwangu. Ikafunguka.

"Dada," akasema, "umenifanya nini?"

Tukampigia Akello hapo hapo. Aliongea sana, kweli, vile Nabwire alivyosema. Lakini siku ile niliyoitaja, saluni haikufunguliwa kabisa. Alikuwa ameenda kumzika mjomba wake, kufuli alilifunga mwenyewe, ufunguo alikuwa nao. Hana msaidizi, mrefu wala mfupi. Nikamuuliza habari ya kichupa. Akasema, "Dada, mimi sindano natupa. Kila mtu na yake, mara moja tu, natupa mbele ya macho yake. Nani huyo anaweka damu ya watu kwa chupa?"

Mpaka hapo, niamini, bado nilidhani nitazoea. Nitapiga picha mpya, nitabadilisha kitambulisho, basi. Jumamosi nikaenda Buhehe. Nilisema, leo ndiyo leo, leo mama ataniambia laini.

Alikuwa amekaa barazani anachambua maharage. Nikapiga magoti. Akafuta mikono, akanishika. Akacheka pale pale.

"Eh, Nabwire, laini! Mwenzako yuko wapi?"

"Mama, ni mimi." Nikajitaja jina langu, lile alilonipa yeye.

Akashika tena shavu la kushoto. Vidole vikatafuta, vikashuka, vikapanda, vikarudi. "Wacha utani, Nabwire. Mwenzako yuko wapi? Wiki iliyopita alisema anakuja."

Nikamweleza mambo ya utotoni, ya ng'ombe wetu aliyeanguka kisimani, ya wimbo aliokuwa akiniimbia. Akasema, "Hayo mwenzako amekusimulia." Jumamosi iliyofuata nikaenda na Nabwire. Tukapiga magoti sote wawili, bega kwa bega. Mama akashika uso huu, akashika na ule. Nabwire wawili. Akairudisha mikono yake mapajani. "Mnanichezea kwa sababu sioni?" akasema. "Nimewakosea nini?" Akalia. Tangu alipopoteza macho sikuwahi kumwona akilia. Nabwire akanivuta pembeni akaniambia, tumwache, dada, tutamuua.

Kwa hiyo siku hizi naenda peke yangu, na ninaitika Nabwire. Nampikia, namwosha miguu. Nabwire mwenyewe akifika wakati mimi nipo, hukaa garini, kule barabarani, mpaka nitoke. Hapendi kunitazama, na simlaumu.

Siku moja nikamuuliza mama, nikijifanya natania, "Mama, huyo dada yangu unamuulizia nini kila siku? Na ule uso wake wa mashimo?"

Akaacha maharage. "Ule uso niliutengeneza kwa kidole hiki," akasema, akaninyooshea kidole cha shahada. "Usiku kumi na moja sikulala, nampaka dawa kipele kimoja kimoja asijikune. Vile vitatu chini ya jicho vilinishinda. Wewe, Nabwire, nakushika nafurahi. Yeye nikimshika, nilikuwa naona. Ndiyo sehemu pekee nilikuwa bado naona. Nilikuwa nanyamaza ili nione vizuri."

Wewe niambie, ungejibu nini? Mimi niliinuka nikaenda jikoni, nikasukuma kuni ndani, nikalia na moshi.

Umekuja kuniuliza kama zile sindano ni nzuri. Ndiyo, ni nzuri, kwa mtu anayezijua. Nenda kwa Akello, mwangalie kama ni mfupi, hakikisha anafungua kifuko kipya mbele yako na sindano anaitupa mbele yako. Uso wako ukipungua mashimo, utabaki wako. Lakini ukiwa umelala pale na moyo wako unataja jina la mwanamke mwenzako, nyanyuka, dada yangu, vaa viatu urudi nyumbani. Na yule mrefu akikuuliza unataka uso wa nani, usijibu kama nilivyojibu mimi.

Mara tatu nimesikia wanawake wa Malaba wakisema wamemwona mtu anayefanana na mimi wa zamani, mrefu, ana alama tatu, anapita kati ya malori yaliyopanga foleni. Nimekwenda kumtafuta kila mara. Sijampata. Ningempata ningepiga magoti nimwombe mafiga yangu.

Wivu haujaniisha, usidhani. Umehama tu. Nabwire simwonei tena. Namwonea yule anayengojewa Buhehe, yule wa mafiga, anayewekewa sahani ya maharage kila Jumamosi wala haji kuila. Mama huifunika vizuri kwa kawa, kisha huisogeza upande wa mlango. Wiki iliyopita aliniambia, "Nabwire, ukimwona mwenzako, mwambie sijakasirika. Aje tu."

Nikamjibu, "Nitamwambia, mama."