Chupa Juu, Mkono Chini

Niliwahi kukimbia wodini matako wazi, nimekumbatia chupa ya dripu, napiga kelele "Mumiani!" Naanza na aibu hiyo kwa sababu nesi aliyenirudisha kitandani amefariki wiki hii hapa Mwanza, na msibani hadithi hii ndiyo iliyowachekesha mpaka waliokuwa wanalia.

Zilikuwa siku za Uhuru. Kuhara kulinikausha kama dagaa, wakanitundikia maji ya mshipa. Kila asubuhi nesi alipita kitanda kwa kitanda akitufundisha: chupa ikae juu, mkono ukae chini, sindano isiguswe, mkono ukivimba sema. Mimi niliyeishia darasa la nne nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, na sikushika hata neno. Mara ngoma zikapita barabarani. Nikaitoa chupa kwenye ndoano, nikaibana kwapani, nikaenda dirishani kucheza. Kutazama ule mpira wa dripu, damu yangu inapanda kuelekea kwenye chupa! Sisi tuliolelewa kwa habari za mumiani wanaonyonya watu damu, nani angesubiri maelezo?

Wodi nzima ikataharuki. Mzee wa Nansio, jirani yangu, aliyekuwa hoi hata kukaa hawezi, akashika sindano yake aichomoe. Bila yale maji asingefika jioni. Nesi akanidaka mlangoni.

"Nyanyua chupa, mcheza ngoma wewe!"

Nikanyanyua. Damu ikarudi mkononi taratibu.

"Umeona? Haya, kamweleze mzee. Wewe ndiye uliyemtisha."

"Mimi?"

"Wewe. Na ufunge hilo shati la wodi nyuma kwanza."

Nikaenda, chupa juu kama bendera. "Shikamoo, baba. Chupa ikishuka, damu inapanda. Ikikaa juu, maji yanaingia. Hakuna anayetunyonya."

"Marahaba. Sasa mbona unatetemeka?"

"Baridi, baba."

Mzee akaiachia sindano.

Kumbe huo ndio ulikuwa mtindo wa nesi yule: aliyeelewa jana anamfundisha aliyeingia leo. Siku zile kila kona ilikuwa na mtu wa kutuhutubia. Yeye alikupa chupa uishike mwenyewe, ukaelewa kwa mkono wako.

Mzee alipona, tukawa marafiki. Siku moja nikajisifu mbele yake kwamba maelezo yangu ndiyo yaliyomwokoa. Akacheka mpaka akakohoa.

"Maelezo gani, bwana? Nilipoona mwoga kama wewe amerudi kwa miguu yake mwenyewe, nikajua hapa hakuna mumiani."