Mguu Uliotangulia Kondoa

Kazi yangu ni kufundisha watu miguu yao. Asubuhi za kliniki ya kisukari hapa Dodoma husimama mbele ya mabenchi, nawaambia wagonjwa wavue viatu, na watu wazima wenye heshima zao hunitazama kana kwamba nimewaambia wavue nguo. Nawaeleza kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu inaua hisia za nyayo. Unakanyaga mwiba hujui, kidonda kinaanza, wewe unaendelea na shughuli zako. Jiangalieni kila siku, nasema. Huitikia vizuri sana, wakifika nyumbani kila mtu anafanya lake.

Katika wote niliowafundisha, hakuna aliyenishinda kama mama yangu. Anaishi Kondoa, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba, na kisukari amekaa nacho hadi anakiita "mgeni wangu". Chai isiyo na sukari aliiona matusi. Ugali wa uwele alikula mlima mzima, kwa sababu kuna mtu alimwambia uwele hauna sukari, na mtu huyo, ambaye sikuwahi kumjua ni nani, aliaminiwa kuliko mimi niliyekwenda chuo.

"Wewe ni nesi wa watu," alikuwa akiniambia. "Mimi ni mama yako."

Mjukuu wake wa kwanza, binti wa kaka yangu, alipoolewa, nilipanda basi kwenda harusini. Nilimkuta mama uani, kwenye mkeka, wapambaji wamemzunguka. Bibi wa umri wake kwetu hupaka hina kidogo tu, kucha na viganja. Yeye miguu yote miwili ilikuwa imekolea piko, ile rangi nyeusi ya maharusi, vidole vyote, hadi kwenye vifundo.

"Shikamoo mama. Kwani leo anaolewa nani hapa?"

Uani kukawa kicheko.

"Marahaba. Usinionee wivu," akasema, akavuta khanga ikafunika miguu.

Alicheza hadi jasho likamtoka. Nyumba nzima ilifukizwa udi, na mimi nilirudi Dodoma nimechoka, nina furaha ya harusi.

Piko ikaanza kufifia, kama inavyofifia siku zote. Kidole gumba cha mguu wa kushoto hakikufifia. Kaka akanipigia simu, sauti ameishusha. "Mdogo wangu, mguu wa mama una harufu." Nikamwambia amlete mara moja. Alipomshusha kwangu Makole, hapa Dodoma, sikuhitaji hata kuinama ili kuona. Weusi ulikuwa umeshavuka vidole na kupanda juu ya wayo.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Nilijua."

"Na ndiyo maana ukapaka piko?"

"Ungekiona kidonda ungenipakia garini siku ile ile. Harusi ya mjukuu wangu ningesimuliwa?"

Nilikasirika. Hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda, maana huwezi kumgombeza mtu anayewaka homa, tena mama. Nilimkimbiza hospitali. Nilijua daktari atasema nini kabla hajafungua kinywa, na kujua hakukunisaidia kitu. Akasema mguu ukatwe chini ya goti, tena haraka, la sivyo sumu itapanda mwilini.

Mama akasema sawa. Alikuwa na ombi moja tu. "Msiutupe. Mkauzike Kondoa, karibu na baba yenu."

Kwetu kiungo cha mtu huzikwa. Hakisaliwi, kwa kuwa mwenyewe yu hai, lakini hakitupwi kama taka. Kaka aliupokea mguu ukiwa umeviringishwa kitambaa cheupe, akaazima gari la jirani, kwa sababu hakuweza kujiona ameupakata ndani ya basi. Mimi nilibaki kando ya kitanda cha mama.

Kaka alinisimulia baadaye kwa simu. Alitaka kuchimba kimyakimya, yeye na mjomba tu, wamalize waondoke. Lakini Kondoa hakuna anayeachwa achimbe kaburi peke yake. Watu waliona majembe yanaingia makaburini, wakafunga maduka, wakaja. Wengine walishaanza kusema inna lillahi.

"Nani katutoka?" waliuliza.

Kaka hakujua aseme nini. "Hakuna aliyekufa," akawaambia. "Ni mguu wa mama."

Walitazamana. Kisha mmoja akampokea jembe, wakachimba kwa zamu, wakafukia kwa zamu, kama kawaida yao. Mzee mmoja alimnyooshea kaka mkono wa pole, akausitisha katikati, hakuwa na hakika kama kwa jambo hili pole inatolewa. Akaitoa hivyo hivyo. Mimi na kaka tulicheka kwenye simu.

Mama alipopata nguvu ya kuzungumza, swali lake la kwanza halikuwa la maumivu.

"Walikuja wengi kuuzika?"

"Walikuja wengi, mama."

Uso ukamng'aa, na mng'ao huo ulinitisha kuliko bandeji. "Waambie wasichoke," akasema. "Huo umetangulia tu."

Nikahamia upande wa miguu, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua, nikafunua shuka kwenye mguu uliobaki. Kisigino kilikuwa kikavu, kimepasuka. Nikatoa mfukoni ule uzi mgumu wa plastiki tunaopimia hisia za wagonjwa, nikamwambia afumbe macho, kila nitakapomgusa aseme.

Alifumba.

"Unasikia hapa?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia, mwanangu. Vizuri kabisa."

Nilikuwa bado sijamgusa.