Petikoti kwa Mama Mkwe

Mji wa Nyeri wakati huo haukuwa na mtu mwingine mwenye diploma ya uuzaji wa rejareja, na kama alikuwepo, alijificha vizuri. Yangu niliipata Uingereza kwa jasho langu mwenyewe. Hakuna harambee iliyonichangia, hakuna padri aliyeniombea nafasi. Mchana nilibeba masanduku katika ghala la viatu, jioni niliketi darasani na vijana wa Kiingereza waliosinzia huku mimi nikiandika. Niliporudi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilitarajia wenye maduka wangenigombania.

Hawakunigombania. Nilianza Karatina, nikaenda Kerugoya, nikashuka mpaka Kagio ambako watu walikuwa wakiuza nyanya chini na hawakuona haja ya mtaalamu. Kangari, kwenye majani chai, mwenye duka mmoja alifuta mikono kabla ya kuishika diploma yangu. Akaisoma yote, akausifu muhuri wake, kisha akaniuliza kama naweza kuendesha trakta. Kila duka lilikuwa la mtu na mkewe na shemeji zake. Niliwaeleza jinsi bidhaa zinavyopangwa ili macho ya mteja yazifuate. Walinisikiliza kwa adabu na kunipa chai.

Haya yote ningeyavumilia kama si msichana wa Gatitu. Alikuwa mwalimu wa shule ya chekechea, tuliandikiana muda wote niliokuwa ng'ambo, na nilipofika nilituma mjumbe kwao bila kuchelewa. Baba yake alimjibu kwamba hana neno nami. Pombe ya posa itanyweka siku nitakapokuwa na kazi hapa nyumbani, kazi inayoonekana. Akaongeza, bila ubaya, kwamba mwenye kinu cha kusaga mahindi naye amekuwa akipita pale mara kwa mara, na kinu chake kinasikika mpaka barabarani.

Ndipo likatoka tangazo. Duka kubwa la nguo na vyombo katika barabara kuu ya mji, mali ya familia ya Kihindi tangu kabla mimi sijazaliwa, lilikuwa limenunuliwa na kampuni ya Nairobi. Walitaka mkuu wa mauzo. Nilisoma lile tangazo nikicheka peke yangu, maana lilikuwa kama limeandikwa na mtu aliyenijua. Nilienda Gatitu siku hiyo hiyo na kumwambia baba wa msichana kwamba Jumamosi nitakuwa ndani ya duka lile, na anayetaka kuniona apite. Mtu akiwa na habari njema huitangaza. Mpaka leo sioni kosa.

Jumamosi tulikuwa kikundi cha watu wazima, tumesimama kati ya marobota ya vitambaa. Nilikuwa nimevaa suti ya vipande vitatu. Aliyetuhoji alikuwa bwana wa kampuni, mtu wa kwetu kabisa, mzaliwa wa Othaya, rika langu. Alikuwa ametoka kwenye mafunzo Nairobi na shingoni alining'iniza kipenga kama mwamuzi wa mpira. Mwenye duka wa zamani, mzee wa Kihindi, alikuwa bado ameketi kwenye stuli yake karibu na sanduku la pesa. Alikuwa akingoja karatasi zake za kuhamia Uingereza, na tulipokuwa tukisubiri aliniuliza kama ni kweli kule jua hutua mchana.

Nilingoja maswali. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali. Badala yake bwana wa kampuni alituambia kwamba maswali ni mambo ya kizamani, siku hizi mtu hupimwa kwa vitendo. Akampa kila mmoja wetu kipande cha sabuni na kutuamuru tuiimbie wimbo wa sifa, sauti tujitungie wenyewe. Niliimba. Kisha akasema kila mtu ajigeuze bidhaa, wenzake wakisie. Mwanamume mmoja wa Kagio, mwenye mvi na watoto shuleni, aliambiwa awe birika linalochemka. Akaweka mkono mmoja kiunoni, mwingine akaupinda mbele kama mdomo wa birika, akaanza kutoa sauti ya mvuke, na watu waliokuwa wakipita barabarani wakabandika nyuso zao kwenye kioo. Mimi niliambiwa niwe pasi ya makaa. Niliteleza sakafuni kutoka kaunta mpaka mlangoni na kurudi, mgongo umenyooka. Walikisia mara moja. Kama kulikuwa na pasi bora siku ile, sikuiona.

Lakini moyoni nilikuwa nimeanza kuchoka. Nilitazama zile nyuso kiooni nikawaza kwamba hakuna hata mmoja wetu atakayetoka pale akiwa jinsi alivyoingia.

Zoezi la mwisho ndilo lililobeba kazi, alisema. Kulikuwa na kikapu chenye vifurushi vya karatasi. Kila mtu atachukua kimoja, atakifungua, na atamuuzia mteja wa kwanza atakayeingia, awe nani. Kama ni nguo, ajipime nayo mwilini ili mteja aone inavyoning'inia. Wa Kagio alipata sufuria na kumuuzia askari. Zamu yangu ikafika. Nilifungua kifurushi nikakuta petikoti ya waridi, ya nailoni, yenye lesi chini. Nikajipima nayo juu ya suti. Wenzangu walicheka, nami nikawaacha wacheke, kwa sababu nilikuwa nimesomea nguo za wanawake muhula mzima.

Mlango ukafunguka, akaingia mama wa yule msichana wa Gatitu.

Alikuwa na mwanamke mwingine wa kanisani kwake, jirani yake. Walikuwa wamekuja kuniona, kama nilivyokaribisha. Nafikiri alitarajia achungulie tu kutoka mbali, anione nyuma ya kaunta, aende kusimulia. Badala yake alinikuta hatua chache mbele yake nimeshika petikoti kiunoni.

Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawasogeleani. Wakikutana njiani mmoja huingia kando mpaka mwenzake apite. Hawali pamoja, hawatazamani, na mambo ya mwili hayatajwi wakiwa wote mahali pamoja hata kwa mzaha. Likibidi neno, hupitia kwa mtu wa tatu. Njiani kuna kichaka cha kuingia. Dukani hakuna. Yeye aligeukia ukuta wa sufuria, mimi nikageukia marobota.

Kipenga kikalia. Nilimwendea bwana wa kampuni nikamnong'oneza kwamba yule ni mama wa msichana ninayemposa, naomba mteja mwingine.

"Dukani hakuna mkwe," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kuna mteja. Ama huko ng'ambo hawakukufunza hiyo?"

Alijua vizuri alichosema. Yeye pia alikuwa na mama mkwe mahali fulani.

Mzee wa Kihindi aliinuka kwenye stuli. "Wacha yeye, bwana," akasema. "Hiyo mama ya bibi yake. Hapana onyesha yeye nguo kama hiyo, mbaya sana. Mimi iko na bibi ya kijana yangu, naishi nyumba moja, uso yake sijaona vizuri mpaka leo."

"Mzee, wewe umeshauza," bwana wa kampuni akamjibu. "Tulia." Akanigeukia. "Uza, ama uweke chini uende."

Mzee akaketi tena. Nilisimama pale na ile nguo. Nikiiweka chini, sina kazi, na bila kazi pombe hainyweki. Nikiinyoosha mbele ya yule mama, pombe hainyweki vilevile. Mtu asiye na masomo angekwama hapo. Mimi nilikumbuka mtu wa tatu.

Nikiwa nimeyatazama marobota, nilimwita yule jirani. "Mama uliye karibu na mlango," nikasema, "humu kuna mtu ambaye simwoni wala sitamtaja. Ukimpata, mwambie hii ni nailoni safi. Haigandi mwilini mtu akitembea kwenye jua. Kiunoni ina mpira usiobana, na lesi yake itafika kanisani ikiwa imenyooka, hata kama mwenyewe amepanda kilima."

Sijawahi kusikia bidhaa ikisemewa vizuri hivyo, si Nyeri, si Uingereza. Jirani alicheka mpaka akashika kaunta.

"Ati humwoni!" akasema. "Lete hiyo kitu, kijana. Nitavaa mimi."

Akainunua. Lakini mama wa msichana alikuwa ameshavuta leso kichwani mpaka ikafunika macho. Alitoka kwa ubavu, akifuata ukuta kwa mkono, ili asinipe uso wala mgongo. Kioo cha mbele kilikuwa kimejaa watu na ilimbidi apite katikati yao.

Niligeuka nikamwambia bwana wa kampuni kwamba nimeuza.

"Umeuza," akakubali. "Kwa mteja ambaye si wako. Na machoni hukumtazama hata mmoja wao." Akapuliza kipenga kumwita anayefuata.

Kazi walimpa yule birika wa Kagio. Sina neno baya juu yake, ila hakuwa amefika hata Mombasa. Nilipokuwa nikitoka, mzee wa Kihindi aliniita akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniuliza tena habari za baridi. Nilimwambia ukweli: mtu haizoei.

Mjumbe wangu alirudi Gatitu mara kadhaa. Kila mara aliambiwa wako shambani, wanapalilia. Mwisho nilienda mwenyewe nikamngoja msichana nje ya shule yake wakati wa mapumziko. Alikuja mpaka kwenye ua wa michongoma akasimama upande wa ndani.

"Mama hajakusema vibaya," akaniambia. "Hajasema kitu. Ukitajwa, anatoka nje."

Nilimweleza kwamba heshima niliiweka. Sikumtazama, sikumwita, neno nililipitisha kwa mtu wa tatu, kama wazee walivyofanya.

"Neno gani?"

Nikamwambia. Nilianza na nailoni, nikaja kwenye jua, na nilipofika kiunoni akatazama chini.

"Wazee walipitisha habari ya mbuzi," akasema. "Habari ya mgonjwa. Wewe umepitisha petikoti."

"Na ilinunuliwa."

"Ndiyo. Kila Jumapili tunaiona kanisani. Jirani akipanda ngazi anainua sketi kidogo ili kila mtu aone lesi, na anasimulia vile uliongea. Watu wanacheka mpaka mchungaji anangoja. Mama ameacha kwenda."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilimwambia Nanyuki wanafungua duka, na Meru, na kwamba diploma haiozi. Leo nina duka langu mwenyewe, na la pili, nimeyajenga bila mkono wa mtu, kwa hiyo sikuwa nikimdanganya. Lakini siku ile nilizungumza kama mtu anayefunga kifurushi ambacho mteja ameshakikataa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu alilelewa vizuri.

"Mwenye kinu anakuja Jumamosi na wazee wake," akasema. "Baba ameshakubali." "Hata kama angekataa, ningekuja kwako vipi? Mama hawezi kukanyaga kwenye boma lako. Ningezaa watoto, nani angekuja kuwapokea?"

Nilikuwa nimefundishwa kwamba kila pingamizi la mteja lina jibu lake, na mengi niliyajua kwa moyo. Hili halikuwamo. Watoto walikuwa wamesharudi darasani na kuanza kupiga kelele, naye akasema wameachwa peke yao muda mrefu. Akaenda. Nilimsikia akiwaambia wakae chini, wafungue vitabu.