Uvimbe Unaojaa Nikisujudu

Nyuma ya sikio langu la kushoto kuna uvimbe laini. Nikisujudu hujaa, nikiinuka hunywea. Kwa miaka miwili niliuficha chini ya mtandio, maana nawajua watu wa kwetu Ng'ambo: kitu kinachompanda mtu akisali kina jina moja tu, jini. Nilimwona jirani akisomewa siku tatu mpaka sauti ikamkauka. Mficha uchi hazai, tunaambiwa toka utotoni, lakini kwa woga mimi sina mshindani.

Sikio lilipoanza kuvuma, nikaenda kwa mama mdogo. Ndiye aliyekuwa akiwaumika wanawake wa mtaani, kuwatoa damu chafu kwa wembe na vikombe, na mkono wake ulisifiwa mpaka Kiembe Samaki. Alinipapasa taratibu.

"Kivimbe hiki, ukiinama kinazidi?"

"La. Kiko vile vile."

"Nambie kweli, mwanangu. Mie n'natia wembe hapa."

"Wallahi, vile vile."

Damu ilitoka kama maji ya mfereji. Kanga mbili zililowa. Mama mdogo alinikandamiza kwa viganja vyote viwili mpaka hospitali, anasoma dua.

Daktari alipokwisha kuizuia damu, aliniinamisha kichwa, akautazama uvimbe unavyojaa, akanipeleka kwenye ultrasaundi. Ni mishipa ya damu iliyoumbika vibaya tangu tumboni, akasema. Ni nadra, wala si saratani. Kuiondoa ni mpaka Bara, na hapo hapo unapita mshipa wa fahamu unaoendesha uso. Ukiguswa, mdomo utakwenda upande. Kwa sasa iangaliwe tu, nilalie mto wa juu, na wembe usinikaribie tena.

Kisha akamgeukia mama mdogo. "Bi, ungemuuliza tu kama kinajaa akiinama."

Mama mdogo alinitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Nimekosea, daktari," akasema.

Habari ilifika mtaani kabla yetu. Siku hizi nasali juu ya kiti, na mama mdogo hakuna anayemwita. Naona haya hata kupita mlangoni kwake.

Juzi harusini mwanamke mmoja aliniuliza, bila hata kushusha sauti, kama ni kweli yule bibi alitaka kuniua. Mama mdogo alikuwa amekaa mkeka wa pili, anasikia kila neno.

"Alighafilika tu," nikasema.