Mheshimiwa na Sindano Isiyochemshwa

Wakati wa vita vya mashifta, mbunge wetu alikuwa na msimamo mmoja tu kuhusu makaa: yasiingie mjini Garissa. Alidai wachomaji makaa ndio wanaowalisha waasi hao porini, na wanajeshi wa kizuizi cha barabarani wakamwamini. Lakini mafuta ya taa yalikuja kwa msafara, na msafara ulikuwa haujafika. Sindano zetu za kioo hospitalini tulizichemsha kwa jiko la makaa.

Makaa yenyewe yaliletwa na mkunga mwenzangu, mwenyeji wa Galbet, kandokando ya mji. Tulivaa sare moja, tukazalisha wanawake walewale. Pale kizuizini, mimi wa kutoka bara nilipungiwa mkono nipite. Yeye aliketishwa mchangani juani kama mwizi. Siku moja walimnyang'anya gunia na kumwambia akirudia atafungwa. Nilikasirika, maana wodini kulikuwa na mzazi aliyeshikwa na homa kali, akihitaji sindano iliyochemshwa.

"Sista, huyu mama akifa, wallahi mimi siwezi kunyamaza," mkunga aliniambia.

Asubuhi iliyofuata, nani akaingia akichechemea? Mheshimiwa mwenyewe! Jipu lilikuwa limemwota kalioni, na mchana alikuwa na baraza.

"Sista, nichome sindano haraka."

"Nitakuchoma, mheshimiwa, lakini haijachemshwa. Makaa umeyakataza."

Alinikazia macho. Nikajua kazi nimeshaipoteza, na wala sikujali.

"Hata akichemsha, kuna mama ndani anangoja," mkunga akaongeza kwa upole, kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Wewe banga laini nyuma yake."

Mzazi yule akaguna kitandani. Mheshimiwa alimsikia, akainamisha kichwa, kisha akauliza makaa yako wapi.

Tulikwenda kizuizini kwa Land Rover yake. Mkunga aliketi mbele na dereva, mimi katikati yao, na mheshimiwa akalala kifudifudi nyuma, akilalamika kila tulipopiga shimo.

"Wewe, shuka!" mwanajeshi akamwamuru mkunga.

"Hashuki!" sauti ikanguruma kutoka nyuma. "Huyo ni mhudumu wa hospitali. Mrudishie makaa yake!"

Mwanajeshi alichungulia, akamtambua, akapiga saluti. Gunia alilipakia mwenyewe, kando ya kichwa cha mheshimiwa.

Tulimchoma mzazi kwanza. Mheshimiwa alisubiri ameegemea ukuta, suti yake imejaa vumbi jeusi.

Barazani alihutubia wima tangu mwanzo hadi mwisho. Alisema makaa ya hospitali yasiguswe, na wahudumu wa afya wenyeji waheshimiwe sawa na sisi wa bara. Watu walimsifu kwa kusimama muda wote ule juani. Mimi na mkunga tulijiziba midomo kwa viganja tusicheke.

Mzazi yule alipona. Siku alipotoka hospitalini, mkunga alikuwa anarudi na punda wake, magunia mawili mgongoni. Kwa mbali nilimwona mwanajeshi akiinua kizuizi kabla hajafika. Alipita katikati ya barabara bila kupunguza mwendo, nami langoni mwa hospitali nikapiga vigelegele peke yangu.